Nanasi Langu Mpaka Paje

Safari hii imenigharimu shilingi elfu sitini. Nimezihesabu mara mbili: thelathini za gari, kumi za mananasi, kumi na nane za kuku, mayai na unga, na mbili za chai ya Tunguu ambayo haikustahili hata moja. Meza yangu sikuitia humo, maana mpaka naandika haijaamuliwa kama bado ni yangu.

Kilichonitoa nyumbani ni nanasi. Mie ni mpishi wa pizza katika uwanja wa chakula ulio nyuma ya Vuga, hapa mjini Zanzibar, mwaka wa kumi na moja sasa. Pizza zetu mnazijua: si mkate wa duara wa tanuri. Ni unga uliotandazwa mwembamba kama kitambaa cha ukaya, ukatiwa nyama, kitunguu na yai katikati, ukakunjwa pembe nne kama barua, ukakaangwa juu ya chuma. Meza za pizza tuko kumi na mbili na sote tunauza hiyohiyo, ila mie nina ya kuku na nanasi, na kibao kinachosema hivyo kwa rangi nyekundu. Wako wanaokuja kwa ajili yake. Wako wanaokuja kunitukana kwa ajili yake, kisha wakakaa, wakala, wakalipa.

Jumatatu, Mzee Shaame alinijia na mikono nyuma. Yeye ni muuza mishikaki na ndiye mwenyekiti wa wapishi wa uwanja. Akija na mikono nyuma hakuna heri. Mara mbili kwa wiki basi la hoteli moja ya Paje hutushushia wageni, na wageni wale ndio wanaotuweka mjini. Sasa mkuu wa jiko la hoteli hiyo, Mtaliana, alikuwa amepita mwenyewe, amesoma kibao changu, na amesema hatoleta tena watu wake mahali ambapo nanasi linatiwa kwenye pizza.

"Litoe, Zuwena," akasema Mzee Shaame. "Kitu kidogo."

"Kama ni kidogo, mwambie yeye akivumilie."

"Meza kumi na moja zitakosa riziki kwa tunda lako!"

"Meza ni kumi na mbili, Mzee. Hesabu tena, na yangu uitie."

Hakuhesabu. Akanipa mpaka Ijumaa: nanasi litoke, au nitoke nalo. Nikamwambia vyema, lakini mtu hafukuzwi kabla ya kusomewa kosa. Nitakwenda Paje nikalisikie kwa mwenyewe, na njiani nitauliza nanasi lilifikaje kwenye pizza hata likawa na maadui.

Jumatano, saa moja asubuhi, Darajani. Makame anapeleka soda na barafu Paje kwa kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo. Ni mtu wa Tumbatu, wa makamo, na uso wake hauonyeshi bei. Alianza na hamsini. Mie nikaanza na ishirini.

"Bi. Zuwena, mafuta yamepanda."

"Si unakwenda na soda zako? Nisipopanda mie gari litabaki hapa?"

"Soda hazisemi. Wewe utasema mpaka Paje."

Tukafunga thelathini, kwa sharti kwamba tutasimama popote ninapotaka. Nikapakia chuma changu, mwiko wangu, unga, mayai na kuku niliyekwisha kumchemsha na kumchambua. Nikamwambia nilidhani watu wa Tumbatu wanajua bahari tu. Akasema, "Na wa mjini wanajua kupunguza tu. Panda."

Saa mbili kasorobo, Kiembe Samaki. Hapa pana mkahawa mdogo wa Bwana Nassor, aliyeishi Kanada miaka mingi akichoma pizza za watu, kisha akarudi kuchoma zake. Kama kuna mtu kisiwani anayejua nasaba ya kitu hiki ni yeye. Nilimkuta anafagia majivu ya tanuri.

"Nambie, Bwana Nassor. Pizza ya nanasi wanaiita ya Hawaii. Ndiko ilikotoka?"

Akacheka mpaka akaegemea ufagio. "Hawaii hawana habari nayo! Imetoka Kanada. Alikuwako Mgiriki, mhamiaji, ana mkahawa wake katika mji mdogo huko, miaka ya sitini. Siku hiyo kafungua kopo la nanasi, kalimwagia juu ya pizza, aone itakuwaje. Hilo jina la Hawaii, wasimuliavyo, lilikuwa limeandikwa kwenye kopo."

"Kopo?"

"Kopo."

"Yaani hakulimenya?"

"Bi. Zuwena, kule nanasi lina bati. Halina majani."

Miaka kumi na moja nimechomwa na miiba ya nanasi, kumbe mwenzangu alikuwa na kifungulia kopo. Bwana Nassor akaongeza kwamba Mgiriki yule alilitia pamoja na nyama ya nguruwe. Nikamwambia hiyo tumwachie hukohuko, sisi kuku anatutosha.

"Na watu wakaipenda?"

"Wakaipenda, ikazunguka dunia. Australia ndo usiseme. Hata hapa: watu wa zile nyumba mpya za Fumba wananipigia simu, wanataja jibini, wanataja uyoga kwa sauti kubwa, wakifika kwenye nanasi wananong'ona. Kama wanaagiza haramu."

Nilipoaga alinifuata mpaka garini. "Ukifika kwa huyo Mtaliana wako, muulize nyanya ni ya wapi."

"Si kwao?"

"Wapi! Nyanya imetoka Amerika, ng'ambo ya bahari kuu. Na nanasi hukohuko. Wareno na Waspania ndio waliovisambaza. Nyanya ilipofika Ulaya wako walioikimbia, wakasema ni sumu. Leo imekuwa mama mwenye nyumba, na ndugu yake anafungiwa mlango."

Sikulipa kitu kwa maneno hayo, na naona ndiyo biashara bora niliyofanya siku ile.

Saa tatu, Tunguu. Chai. Nshaisema.

Saa tatu na nusu, Ndijani. Kutoka Tunguu unaingia ndani kidogo, barabara inakuwa nyekundu, na mananasi yanaanza mistari kwa mistari chini ya minazi. Bi. Kazija ana shamba na panga, na hana haraka. Anauza kwa mahoteli na kwa wasaga juisi, na mie pia ananijua: humo ndimo yanamotoka mananasi yangu, ila siku zote huletewa mjini. Sikuwahi kuyaona yakiwa yamekaa kwao.

"Shikamoo, Bi. Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja mwenyewe? Kuna msiba?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku akikata shina.

"Huyo mgeni anasema tamu haichanganywi na chumvi?"

"Ndivyo asemavyo."

"Pilau anaila na nini?"

"Sijui kama anaila."

"Sisi tunaila na ndizi mbivu. Biriani ina zabibu. Mwezi wa Ramadhani ndizi za nazi na samaki wa kukaanga vinakaa sahani moja na hakuna aliyekwenda kushitaki. Mie nanasi langu nikishaliuza, likenda kwenye mkate au likenda kwenye kuku, ni safari yake." Akaniangalia. "Unataka mangapi?"

"Matano. Kwa elfu moja mia tano."

"Elfu tatu. Haya si ya kopo."

Nilijuta kumsimulia habari ya kopo. Tukaja tukakutana kwenye elfu mbili. Nilipoyapanga ndani ya gari nikayahesabu, yakawa sita. Nikahesabu tena, sita. Mtu wa soko ana dakika moja tu ya kuwa mwema, ikipita haiji tena. Nikalichukua moja nikamrudishia. Akalisukuma kwa mguu likarudi upande wangu. "La njiani hilo," akasema. "Ukishindwa, ulile njiani ukirudi."

Saa tano, msitu wa Jozani. Makame akapunguza mwendo kwenye matuta, kima punju wakavuka mbele yetu kwa taratibu ya wenye nchi. Hapo ndipo alipokiri kwamba hajawahi kula nanasi na nyama, na hana nia.

"Kwa nini?"

"Sijaona sababu."

"Lakini urojo wa embe mbichi, wenye mishikaki ndani, unakunywa."

"Urojo ni urojo."

"Hiyo ndiyo sababu yenyewe uliyokuwa ukiitafuta?"

Akawasha redio.

Saa sita na robo, Paje. Maji yalikuwa yametoka, kina mama wako mbali kwenye mwani wao, na angani vile vishada vikubwa vinavyowaburura watu juu ya maji. Makame alinishusha nyuma ya hoteli, mlango wa jikoni, akaenda kuteremsha barafu yake.

Mtaliana anaitwa Sandro. Nilitarajia bwana mkubwa mwenye kofia ndefu; nikamkuta mzee mwembamba, kavaa kikoi, miguu mitupu, anamkemea mtu kwa Kiswahili cha Paje kuhusu ngisi. Ameishi hapo miaka kumi na minane. Nilipomwambia mimi ni nani, alijifuta mikono taratibu.

"Wewe ndiye mama wa kibao chekundu."

"Naam. Nimekuja unisomee kosa langu."

Alinisomea. Alisema mama yake alikuwa akikanda unga tangu jana yake. Alisema pizza ni unga, nyanya, jibini na moto, na kila mtu duniani anaitia kitu chake, na kila mmoja anasema si neno. "Mwisho, mama, hakuna kilichobaki chetu ila jina, na jina lenyewe unalipaka nanasi." Hakuwa akifanya mzaha. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nikaona kwamba mbele yangu kuna mtu aliyeumia kweli, na hilo halikunifurahisha, maana mtu aliyeumia ni mgumu kupatana naye bei.

Nikamuuliza nyanya ni ya wapi.

"Najua ilikotoka," akasema. "Mpaka sisi tuizoee ilichukua mamia ya miaka."

"Basi tuanze kuhesabu. Mie nshamaliza kumi na moja."

Mtu wa ngisi akacheka, akatazamwa, akaacha. Nikasema sikuja kubishana kwa mdomo. Nitapika za aina mbili, za kuku mtupu na za kuku na nanasi. Aonje ile isiyo na nanasi tu, aone kama kazi yetu ni ya kuletewa wageni au si ya kuletewa. Ya nanasi nitakula mwenyewe mbele yake. Akakubali, ila kwa sharti: jikoni mwake pizza haikaangwi. Itaingia tanurini.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa la mtu wa uwanja wetu. Pizza ikishakunjwa haionyeshi kilichomo. Kwa hiyo sisi sote tunaitia alama kwa ncha ya mwiko kabla ya kuikaanga: mkato mmoja nyama, miwili kuku, na yangu mimi, mitatu, nanasi. Juu ya chuma alama hubaki pale pale mpaka sahani. Tumeshazoea kuiamini kuliko macho.

Nikamenya nanasi. Nikalikata dogodogo kama punje za mahindi, nikalisugua kwa chumvi kama tulivyofunzwa utotoni ili lisiwashe ulimi, nikalibana kwenye kitambaa mpaka likatoa maji yake yote, maana nanasi la maji ni adui wa unga. Sandro alikuja akasimama begani. "Chumvi?" akauliza. "Chumvi," nikasema. Nikalichanganya na nusu ya kuku, kitunguu na pilipili, nikakunja nne: mbili za mikato miwili, mbili za mikato mitatu. Tanurini.

Zilipotoka zilikuwa zimefura kama mito ya kulalia. Alama hakuna. Unga wa tanuri hupanda, na ukipanda hufuta. Nikazitazama nne zile, nikazigeuza, nikazitazama tena. Sura moja, rangi moja.

Ningesema palepale. Lakini Sandro alikuwa keshashika ya kwanza, na nikajiambia kuna uwezekano wa nusu kwa nusu. Akauma. Akatafuna. Akaangalia dirishani. Akauma tena. Hakuiweka chini mpaka ikaisha, akaokota kwa kidole na chembe zilizobaki kwenye sahani.

"Hii," akasema, "ni kazi nzuri. Kuku ana uhai. Umetia ndimu?"

Sikutia ndimu.

Nawaambia ukweli, nilishawishika. Ningeweza kuondoka pale na wageni wangu, na meza yangu, na nanasi langu, yeye asijue mpaka anakufa. Lakini kumlisha mtu alichokikataa bila kumwambia, kwetu si ujanja. Ni ghushi, sawa na anayetia maji kwenye maziwa. Na mie sikuja Paje kulificha nanasi, nilikuja kulitetea.

"Bwana Sandro, hiyo ni nanasi."

Makame alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha barafu mkononi, kinachuruzika.

"Umenidanganya, mama."

"Tanuri lako ndilo lililonidanganya mie kwanza. Juu ya chuma changu ungejua."

Nikamweleza habari ya mikato. Akachukua moja, akaipasua, akatazama ndani. Akapasua na ya pili. Zote mbili kuku mtupu. Kisha akakaa juu ya gunia la unga, akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha nyingi.

"Sawa," akasema. "Ni tamu. Siwezi kusema si tamu, sahani hiyo hapo. Lakini si pizza. Futa neno hilo. Andika mantabali, jina lenu wenyewe, andika chapati ya mayai, andika utakavyo. Nanasi libaki, na wageni nitaleta."

Nikampa shauri niandike pizza kwa herufi ndogo, na nanasi kwa kubwa. Akakataa. Nikampa jingine, jina la Zanzibar litangulie. Akakataa. Kisha nikamuuliza swali lililonijia pale pale.

"Na za wenzangu kumi na mmoja? Hizo ni pizza?"

Akafikiri. Ni mtu mkweli, nalikiri. "Hapana. Hata moja. Zina yai, zinakunjwa, zinakaangwa. Lakini nikipita huwa sitazami. Nanasi ndilo lililonifanya nisome."

Saa nane tuliondoka. Makame aliendesha na redio yake mpaka Jozani. Kisha akanyoosha mkono kwenye sahani niliyofunika kwa kitambaa mapajani, akachukua ile ya nne, ya nanasi, akaila yote huku akiendesha. "Sijaona ubaya wake," akasema. Sikumtoza bei yake, wala yeye hakunipunguzia nauli.

Ijumaa, baada ya sala ya Alasiri, tulikaa uwanjani wapishi kumi na wawili wa pizza, pamoja na Mzee Shaame. Niliwasimulia kama nilivyowasimulia nyinyi, na lile la tanuri sikulificha. Mzee Shaame akafurahi. "Basi kwisha! Futa neno moja. Nanasi lako salama, wageni wetu salama."

"Ntalifuta," nikasema. "Siku mtakapolifuta sote."

"Sisi tunahusikaje?"

"Mtaliana kasema hakuna hata mmoja wetu anayeuza pizza. Kama yeye ndiye kadhi wa neno hilo, basi ni kadhi wa vibao vyote. Nifute mie peke yangu, kesho akipita na kusoma cha jirani yangu, nani atafuata? Na kama yeye si kadhi, mie nafuta kwa nini?"

Mwenzangu wa meza ya saba akasema kibao chake kakipaka rangi juzi tu. Mwingine akasema mgeni akisoma mantabali atadhani ni jina la ugonjwa. Wakaanza kuzozana wao kwa wao, sita wakisema tumkatalie Mtaliana, watano wakisema Zuwena ndiye aliyeleta balaa. Nilihesabu mikono mara mbili. Mzee Shaame hakutaka kuihesabu. Akasema Maghrib imekaribia, tuje tena Ijumaa ijayo. Basi la jana Jumamosi halikuja.

Nilichojifunza ni kidogo kuliko nilivyotumia. Hakuna chakula kilichoota mahali kinapodaiwa: nanasi lilivuka, nyanya ilivuka, Mgiriki alivuka, na pizza yenyewe ilivuka ikaja kukunjwa nyuma ya Vuga. Tena anayelikataa nanasi hulikataa kwa macho, hakuuliza ulimi wake. Lakini nimejifunza pia kwamba Sandro si adui. Ana kitu chake anakililia, nami nina changu, na kibao ni kimoja.

Kwa hiyo naomba shauri lenu, mliokula kwangu na msiokula. Kabla ya Ijumaa mnijibu: niwafuate wenzangu mmoja mmoja, hasa wale watano, niwalishe kwanza ndipo niwasemeze? Au nimwalike Sandro mwenyewe aje asimame mbele yao, aseme kwa kinywa chake kile alichokula? Au nikae kwenye meza yangu, niwashe jiko, na anayetaka kuniondoa aje aniinue kwa mikono? Shauri lolote napokea, refu na fupi, la bure na la kulipia. La kutoa nanasi tu, hilo msinipe. Nshapewa mara mbili.